Umeshatoka, lakini hofu haijatoka: afya ya akili baada ya kuacha jumuiya kali ya kidini

Wengi wanaotufikia baada ya kuacha jumuiya ya kidini yenye masharti makali hawaji wakisema wameumizwa na dini. Huja wakilalamikia usingizi. Huja kwa sababu moyo unawaenda mbio wakiwa wamekaa tu sebuleni, au kwa sababu tumbo huwasokota kila siku ya ibada ingawa waliacha kuhudhuria zamani. Tunapima presha, tunapima tezi, hatuoni kitu. Huenda vikao kadhaa vikapita ndipo mtu ataje, kama jambo la kupitia tu, kwamba alikulia mahali ambapo kusikiliza redio kulikuwa dhambi, na kwamba wazazi wake hawapokei tena simu zake.

Nianze kwa kuweka mpaka. Sizungumzii dini kwa ujumla. Imani huwapa watu wengi utulivu na watu wa kuwashika mkono siku mbaya, na mtaalamu wa afya ya akili asiyelijua hilo hajui kazi yake. Ninazungumzia jumuiya ambamo mtu mmoja au wachache huamua utavaa nini, utafunga ndoa na nani, utasoma hadi wapi na utaongea na nani. Ambamo kuuliza swali huitwa uasi, na anayeondoka hupoteza kila mtu anayemjua kwa siku moja. Mifano ya watu nitakayotoa imeunganishwa kutoka kwa wengi, kwa hiyo usimtafute humu jirani yako.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, katika miaka ya 1950 aliwahoji watu waliopitia mafunzo ya kulazimishwa kubadili fikra nchini China. Mwaka 1961 alichapisha alama nane za mazingira yanayomshika mtu namna hiyo. Waliotoka katika jumuiya kali huzitambua bila kufafanuliwa: habari za nje huchujwa, usafi unaodaiwa haufikiki, maungamo hayana mwisho, misemo mifupi hutumika kufunga mjadala, na aliye nje ya kundi huhesabiwa kama hayupo. Lifton alikuwa akichunguza siasa, na kwa maoni yangu ndiyo sababu orodha yake inafaa sana hapa. Inatazama namna kundi linavyomtawala mtu na kuacha kando kile kinachohubiriwa, hivyo tunaweza kuzungumzia madhara bila kuingia kwenye ubishi wa nani ana kitabu cha kweli.

Hofu isiyosikia hoja

Fikiria mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba wateule watanyakuliwa ghafla na wengine wataachwa kwenye mateso. Sasa ni mtu mzima, hayaamini hayo tena na anaweza kukueleza sababu zake moja baada ya nyingine. Jioni moja anarudi nyumbani. Mlango uko wazi, sufuria iko jikoni na moto unawaka chini yake, televisheni inaongea peke yake. Anaita mke wake, kimya. Anaita watoto, kimya. Kabla hajafikiri chochote magoti yamelegea, mikono imelowa jasho, na kichwani mna wazo moja tu: wameondoka, nimeachwa. Dakika mbili baadaye familia inaingia kutoka kwa jirani. Usiku kucha halali, na kesho yake anajiuliza kama kweli aliacha kuamini au anajidanganya.

Hajidanganyi. Hofu aliyofundishwa tangu utotoni haikuhifadhiwa mahali pamoja na hoja zake. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hujifunza hatari kwa kuunganisha vitu: sauti fulani, saa fulani, wimbo fulani, pamoja na tishio. Ikishajifunza, hupiga king'ora kabla sehemu inayofikiri haijapata nafasi ya kusema neno. Ndiyo maana kusoma sana hakutoshi. Watu huja na rafu nzima ya vitabu vinavyopinga mafundisho ya zamani, wanavijua kwa moyo, na bado radi ikipiga wanatetemeka.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wetu wangependa wangeambiwa mapema. Hofu ya namna hii haifutiki. Mtu hujifunza usalama mpya unaokaa juu yake. Kwa kawaida usalama huo hushinda, lakini hofu ya zamani inaweza kuchomoza tena mtu akiugua, akifiwa, akipata mtoto, au dunia ikitikiswa na vita au janga la ugonjwa. Wakati kama huo wengi husema "nimelaaniwa" au "naitwa nirudi". Mimi huwaomba jambo moja: wiki ambayo hofu imepanda, usiamue lolote kubwa. Usirudi, na pia usiape kwamba hutarudi kamwe. Ngoja mwili utulie, kisha uamue ukiwa na akili zako zote.

Tiba yake ipo na inafahamika. Mtu na mtaalamu huandika vitu vinavyomtia hofu, kuanzia kinachomtia hofu kidogo hadi kile asichoweza hata kukitaja, kisha huvikabili kwa hatua, akikaa na kila kimoja hadi aone kwamba kile alichoogopa hakikutokea. Kwa mmoja hatua ya kwanza itakuwa kusikiliza wimbo wa kawaida kwa dakika tano. Kwa mwingine itakuwa kupita mbele ya jengo la ibada bila kubadilisha upande wa barabara. Anayechagua hatua ni yeye. Aliyeishi akiamriwa hapaswi kuamriwa na tabibu wake.

Hapa huwa naona kosa moja mara kwa mara. Mtu anajilazimisha kunywa pombe, kula alichokatazwa au kulala na yeyote ili ajithibitishie kuwa yuko huru. Kama hakutaka pombe, basi bado kundi ndilo linalomwamulia, ila kinyumenyume. Wapo waliopona vizuri kabisa na bado hawali nyama fulani, bado wanavaa nguo ndefu, bado wanasali. Tunachoangalia sisi ni kama mtu anaweza kufanya au kuacha jambo bila kutetemeka. Idadi ya mambo ya zamani aliyoyatupa haituambii kitu.

Nitaje kwa ufupi wasiwasi wa ibada, kwa sababu huchanganywa na uchaji. Mtu hurudia sala kwa kuwa huenda alitamka neno vibaya, hunawa tena na tena, huungama dhambi ileile kila siku, au hushikwa na mawazo ya kukufuru asiyoyataka. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia, na mtu anaweza kuwa nao ndani ya jumuiya au baada ya kutoka. Kumhakikishia kila mara kwamba amesamehewa humpa nafuu ya saa moja na kuuzidisha ugonjwa. Humsaidia mazoezi ya kukabili wazo bila kufanya kile kitendo cha kujiokoa, na wengine huhitaji dawa za kundi linalotumika pia kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Msiba usio na matanga

Ukifiwa na mzazi, watu watakuja. Watakaa nawe, watapika, watakuuliza umelalaje. Aliyetengwa na jumuiya yake amepoteza wazazi, ndugu, marafiki, pengine mwenzi na kazi, na hakuna anayekuja, kwa sababu hakuna aliyekufa. Mwaka 1989 mtaalamu wa masuala ya kifo na maombolezo Kenneth Doka alieleza aina hii ya huzuni: hasara ni ya kweli, ila jamii haimpi mtu haki ya kuiomboleza. Kabla yake, katika miaka ya 1970, mtafiti Pauline Boss alikuwa akizichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, akaonyesha jinsi inavyomla mtu kutojua kama aliyempoteza yupo au hayupo. Mama anayeishi mitaa michache kutoka kwako na anayekupa kisogo mkikutana sokoni ni hasara ya aina hiyo. Huwezi kumzika, na huwezi kuwa naye.

Maumivu hayo siyo ulegevu. Mwaka 2003 mtafiti Naomi Eisenberger na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Ulikuwa mchezo mdogo tu na watu wasiowajua, lakini sehemu za ubongo zinazohusika pia na maumivu ya mwili zilionyesha kuamka. Sasa weka mahali pa mpira huo familia nzima.

Kuna vitu vingine vinavyoombolezwa ambavyo mtu huona haya kuvitaja. Nyimbo. Uhakika kwamba kila tukio lina sababu yake. Matumaini ya kuwaona tena waliokufa. Ratiba ya wiki iliyokuwa imejaa, na sasa siku ya ibada inafika na mchana hauishi. Wengine huomboleza miaka: shule waliyoikatishwa, uchumba walioachishwa, ujana ambao hawakuwa nao. Hasira huja hapa, na mara nyingi humlenga mzazi ambaye naye alidanganywa. Inaruhusiwa kumkasirikia na kumkumbuka mtu yuleyule. Inaruhusiwa pia kuimba wimbo wa zamani jikoni bila maana yoyote zaidi ya kwamba ni mzuri.

Mambo madogo yanayochosha

Mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu amesimama dukani mbele ya mashati. Hajawahi kujichagulia nguo. Anashika la bluu, analirudisha. Anashika la kijani, anawaza watu watasema nini, ingawa hakuna hata mmoja hapo anayemjua. Mwisho anampigia rafiki yake simu amwambie achukue lipi. Ukimtazama kwa mbali utasema ni mtu asiyejiamini. Ukweli ni kwamba anafanya akiwa mtu mzima zoezi ambalo watoto wengine walilifanya wakiwa na miaka mitano, tena bila mtu wa kumwambia kwamba kukosea rangi ya shati si dhambi.

Uchovu wa maamuzi haya madogo ndio unaowafanya baadhi yao waingie kundi jingine lenye uhakika uleule. Linaweza kuwa la kidini, la kisiasa, la biashara ya kuingizana wanachama, hata la watu waliotoka kwenye dini na sasa wana kiongozi asiyepingwa. Tunamshauri mtu aanze na maamuzi yasiyo na gharama, ayafanye mwenyewe, na ajizuie kumwuliza mtu hadi siku ipite. Mwanasosholojia Helen Rose Ebaugh, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa, mwaka 1988 alieleza aliyoyapata kwa kuwahoji watu 185 walioacha nafasi kubwa katika maisha yao. Aliona kwamba aliyetoka hubeba mabaki ya nafasi ya zamani ndani ya ile mpya. Hilo ni jambo la kawaida. Mtu hahitaji kuyafuta mabaki yote ndipo aendelee na maisha.

Kuhusu majina ya kitabibu nitapita haraka. Mwanasaikolojia Marlene Winell alianza kutumia mwaka 2011 jina la dalili za kiwewe cha kidini, na limewasaidia wengi kujua kwamba hawako peke yao, lakini halimo katika orodha rasmi za magonjwa. Iliyomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 ni hali ya kiwewe sugu kinachotokana na mateso ya muda mrefu: kukumbuka yaliyopita kana kwamba yanatokea sasa, kukwepa, kukaa chonjo, na juu yake kushindwa kutuliza hisia, kujiona huna thamani na kushindwa kukaa karibu na watu. Baadhi ya waliotoka wana hali hiyo. Wengine wana sonona. Wengi wana huzuni tu, na hawahitaji kuitwa wagonjwa.

Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili, mwaka 1992 alipanga kupona kiwewe katika hatua tatu: usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Mpangilio huo una maana kubwa kwetu. Aliyetoka wiki iliyopita anahitaji mahali pa kulala, vyeti vyake, pesa kidogo mkononi, na simu ambayo haisomwi na mtu mwingine. Kumkalisha asimulie kila alichotendewa kabla hajapata usingizi wa wiki moja ni kumpasua jeraha. Hali kadhalika kujianika mtandaoni siku za mwanzo: hadithi ni yako, utaisema ukitaka, ila ikishatoka huwezi kuirudisha, na ndugu walio ndani wataisoma.

Kwa ndugu na marafiki: msimtukanie imani aliyoiacha ili kumfariji, kwa sababu humo ndimo mnamotukana pia mama yake. Msiseme "si ulitoka, sasa unalia nini?" Mwalikeni siku ya ibada, hata kwa kufua nguo pamoja. Kama anaanza kusema angekufa tu amalize, anagawa vitu vyake, au anaamini amehukumiwa tayari na hakuna la kungoja, msimwache peke yake na mfikisheni hospitali siku hiyohiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani.

Unapotafuta mtaalamu, mwulize kikao cha kwanza: umewahi kumhudumia mtu wa namna yangu? Una uhusiano wowote na jumuiya niliyotoka? Nikiamua kubaki muumini, au kutokuwa muumini kabisa, utafanyaje? Jibu zuri la swali la mwisho ni fupi. Anayekuhubiria urudi hakufai, na anayekuhubiria usiamini chochote hakufai vilevile. Unaweza kumwacha na kutafuta mwingine, na huna haja ya kumweleza sababu.