Thamostati ya feni: angalia joto la kuzimia, si la kuwakia tu

Amplifaya nyingi za kujiundia zinazofika mezani kwangu zina feni iliyoungwa moja kwa moja kwenye umeme. Ukiwasha tu, feni nayo inaanza, hata kama sauti iko chini kabisa. Hitisinki (bamba la metali linalotoa joto la transista) inapoa, sikatai, lakini boksi linavuta vumbi kutwa nzima, na mvumo wa feni unausikia katikati ya taarabu ya taratibu. Swichi ndogo ya thamostati inaondoa kero hiyo, na yenyewe haihitaji umeme wowote ili ifanye kazi.

Ninayoipenda ni KSD301. Ndani yake mna kisahani cha metali mbili zilizoshikanishwa, kila moja ikitanuka kwa kiasi chake. Joto likifika kiwango kilichoandikwa ubavuni, kisahani kinajipindua ghafla, kama mfuniko wa kopo unapobonyezwa, kikaunganisha au kukata miguu miwili. Kuwa macho dukani: yenye alama NO huunganisha ikipata moto, yenye NC hukata. Za kwenye hita ni za kukata. Feni inataka NO. Hata ukisoma alama, pima. Weka mita ya umeme kwenye mlio, gusisha uso wa metali kwenye maji ya moto bila kulowesha miguu, usikilize.

Sasa joto lenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachagua ya 40°C wakiamini kwamba kuwaka mapema ndiyo usalama. Thamostati ya namna hii haizimi palepale ilipowakia. Joto lazima lishuke digrii 10, 15 au hata zaidi ndipo kisahani kirudi. Kwa hiyo ya 40°C itazima kwenye 30 au 25. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, hewa ya mchana peke yake inapita 30! Hitisinki haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipuliza, basi feni haizimi hadi usiku, na thamostati yako imekuwa pambo. Nairobi swichi hiyohiyo ingefaa. Kwa pwani mimi nafunga ya 55°C, inayozima kwenye 40 hivi. Usiogope namba hiyo: transista nyingi za nguvu huvumilia hadi 150°C ndani yake, ingawa hakuna sababu ya kuzikaribisha huko.

Ifunge kwenye hitisinki yenyewe, karibu na transista inayochemka zaidi, kwa skrubu mbili na pesti nyeupe ya kupitisha joto kidogo. Ikining'inia hewani itachelewa mno kupata habari.

Waya ni rahisi. Chanya ya 12V ipite kwenye fyuzi ya 1A, iingie mguu mmoja wa thamostati, itoke wa pili kwenda waya mwekundu wa feni. Mweusi uende hasi. Miguu ya thamostati haina chanya wala hasi, lakini feni inazo. Feni mbili ziunge sambamba, kila moja ipate 12V yake, zikila 0.2A kila moja, jumla ni 0.4A, mzigo mdogo sana kwa swichi ya 10A.

Hiyo 12V itoke wapi? Si kwenye laini ya 35V ya amplifaya kupitia 7812, kile kidhibiti cha kushusha volti hadi 12. Volti 23 zinazobaki, kwa 0.4A, ni zaidi ya wati 9 za joto unazoziongeza ndani ya boksi unalotaka kulipoza. Adapta ndogo ya 12V iliyofichwa ndani ni bora.

Mwisho, feni hufa. Kwa hiyo naweka thamostati ya pili kwenye hitisinki ileile: NC ya 80°C, kwenye waya wa laivu unaoingia transfoma, miguu yake ikivishwa mpira unaosinyaa kwa joto maana hapo pana 230V. Ikiwezekana chukua yenye kitufe cha kurudisha kwa mkono, ili amplifaya isijiwashe yenyewe ikipoa. Kisha nachomoa feni makusudi, nafungulia muziki kwa nguvu, nasubiri ile ya 80 ikate. Isipokata, boksi halifungwi.