"Maskini Wetu Kwanza": Dhana Potofu Kuhusu Maskini na Misheni ya Nje

Kwa miaka mingi nimezunguka sharika kwa kazi ya misheni na udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, na sasa ninaweza kutabiri dakika ambayo mzee wa kanisa atasimama kikaoni, akohoe kidogo, kisha aseme: "Mchungaji, misheni ya nje ni jambo jema, lakini sisi tunao maskini wetu hapa hapa. Tuwamalize hao kwanza." Wajumbe huitikia kwa vichwa, mweka hazina hushusha pumzi, na fungu la misheni hufutwa kwenye bajeti. Mwezi uliopita niliyasikia tena maneno hayo, karibu neno kwa neno, nikaona heri niandike, maana kujibu kwa upole kumenishinda.

Dhana hii ya "maskini wetu kwanza" ina sura ya huruma, ndiyo maana ni vigumu kuipinga hadharani. Dawa yake ninayoijua mimi ni daftari. Kila ninapoambiwa hivyo huomba nionyeshwe daftari la udiakonia la usharika: majina ya wajane, wazee ambao watoto wao wako mbali, watoto waliokosa sare, na kiasi kilichotolewa kwa kila mmoja tangu Januari. Katika kikao hicho cha mwezi uliopita nililetewa daftari la kurasa themanini lililoandikwa kurasa mbili tu za mwanzo, na jina la mwisho lilikuwa la bibi ambaye alikwisha kuzikwa. Daftari la ujenzi, kwa upande wake, lilikuwa limejaa hadi pembezoni, kila mfuko wa saruji ukiwa na tarehe yake na jina la dereva aliyeuleta. Fedha ambazo hazikwenda nje ya nchi hazikumfikia bibi yule; zilikwenda kwenye marumaru za madhabahuni. Sina ugomvi na marumaru, lakini tusizifunike kwa kanga ya mjane.

Wanaoyapanga mambo haya mawili kama foleni, mmoja ahudumiwe ndipo mwingine aitwe, hawakuipata foleni hiyo katika Maandiko. Matendo ya Mitume sura ya 11 inaeleza jinsi wanafunzi wa Antiokia, waliposikia kwa nabii Agabo kwamba njaa inakuja, walivyochanga kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, wakapeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Sura ya 13 inapofunguka, ushirika ule ule unawawekea mikono watu wale wale wawili na kuwatuma Kipro na Asia Ndogo kuhubiri. Waliobeba sadaka ya njaa ndio waliotumwa misheni, na hakuna aliyesimama Antiokia kuuliza kama maskini wa mjini kwao walikwisha kumalizika. Tena Paulo, alipopeana mkono na nguzo za kanisa la Yerusalemu kwamba yeye aende kwa mataifa, anasema katika Wagalatia 2:10 kwamba wazee hao walitaka neno moja tu, yeye na Barnaba wawakumbuke maskini. Nao Wamakedonia wa 2 Wakorintho 8 walikuwa katika umaskini mkubwa wenyewe, lakini walimsihi Paulo wapewe nafasi ya kuchangia watakatifu ambao hawajawahi kuwaona kwa macho.

Atakayesema kwamba hizo ni habari za kale, na apande milima ya Usambara, Tanzania, hadi Lutindi, ambako habari yake inaanzia mbali. Katika mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikabidhiwa mwaka 1872 nyumba ya wagonjwa wa kifafa iliyokuja kuitwa Betheli. Mwaka 1882 akaanzisha pia makazi ya watu waliokuwa wakizurura barabarani wakiomba chakula, ambapo mtu alipewa kazi, kitanda na mlo. Huyo hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba amesahau maskini wa kwao. Hata hivyo, tangu 1890 alijiunga na uongozi wa chama cha misheni cha Afrika Mashariki, na mashemasi waliofundishwa Betheli kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wa kifafa wakawa miongoni mwa waliotumwa kwetu. Lutindi hiyo, juu ya Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi inayoendelea hadi leo. Siwapaki rangi nzuri wakubwa wa wakati ule, kwa kuwa chama hicho kilizaliwa Berlin mwaka 1886 kikinuka ukoloni waziwazi. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kumtunza mgonjwa aliyekimbiwa na ndugu zake ulifika Lutindi kwa sababu ulikwisha kufanyiwa mazoezi Bielefeld, na kama Betheli wangesubiri maskini wa Ujerumani waishe, wangekuwa wanasubiri mpaka sasa.

Ushauri wangu, ambao wenzangu hunicheka kwa kuurudia, ni huu: mafungu mawili, udiakonia na misheni, yatengwe siku moja, kutoka mkoba mmoja, kabla ya matumizi mengine yoyote, hata kama kila moja ni shilingi elfu tano. Usharika mmoja mdogo ninaoufahamu hufanya mnada Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mkungu wa ndizi, trei la mayai na kuku mmoja hupigiwa bei nje ya mlango wa kanisa, na fedha hugawanywa mara mbili mbele ya watu wote, nusu kwa wajane wa mtaa, nusu kwa mwinjilisti aliyeko ng'ambo ya mpaka. Tangu wameanza, sijasikia mtu hapo akilalamika kwamba misheni inawala maskini. Wanaolalamika hivyo, kwa uzoefu wangu, ni wale wasiotoa upande wowote.

Dhana ya pili, iliyo binamu wa hiyo ya kwanza, inasema kwamba misheni ya nje ni kazi ya Wazungu, na sisi ni shamba linalolimwa. Wanaoamini hivyo hawajasikia habari za Apolo Kivebulaya, Muganda aliyevuka mwaka 1896 kwenda Mboga, katika Kongo ya leo, akapigwa na kufungwa kwa amri ya chifu Tabaro, akarudi tena, na hatimaye akafia huko mwaka 1933. Jina lake lenyewe linachekesha: watu walimwita Kivebulaya, "kilichotoka Ulaya", kwa sababu ya koti jekundu alilopenda kuvaa. Kwa hiyo mmisionari mmoja mkubwa wa eneo letu aliitwa wa Ulaya kwa koti tu, na mwili wote ulikuwa wa Buganda. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa kuwa huko ndiko Injili ilikuwa bado haijafika.

Hapo mjumbe aliyesoma kidogo hudakia kwamba mbona mchungaji John Gatu wa Kenya alitaka misheni ikomeshwe. Hakutaka hivyo. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee nchini Marekani, katibu mkuu huyo wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alipendekeza kwamba wamisionari na fedha kutoka nje vizuiwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama, na mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaliunga mkono wazo hilo. Mtu anayefunzwa kusimama anatarajiwa baadaye kutembea. Kulitumia jina la Gatu ili kukwepa kutuma ni kumgeuzia mzee wa watu maneno yake.

"Maskini mnao siku zote" hunukuliwa kana kwamba Yesu alikuwa anatoa ruhusa ya kukata tamaa. Msomaji amalizie mstari wa Marko 14:7, ambao unaendelea kusema kwamba kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema, kisha arudi kwenye Kumbukumbu la Torati 15:11, unakotoka usemi huo, akaone kwamba kutokoma kwa maskini ndiyo sababu iliyotolewa ya kuufumbua mkono.

"Asiyefanya kazi na asile" ni nukuu mbovu. Paulo aliandika "hataki kufanya kazi", na kati ya asiyetaka na asiyeweza au asiyepata kuna nusu ya mtaa wako.

La mwisho ni wale wanaodhani kwamba unga wa msaada ni chambo cha kupata waumini, wakiwemo baadhi ya wainjilisti wetu wenyewe wanaohesabu ubatizo kwa idadi ya magunia. Kanuni za maadili za mwaka 1994, za Shirika la Msalaba Mwekundu na asasi zinazotoa misaada ya maafa, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, na mashirika ya kanisa yamo miongoni mwa waliozikubali. Mwinjilisti ahubiri kwa uhuru wote, ila asisimame kati ya mtu na sahani yake.

Yule mzee wa mwezi uliopita nimekwisha kumpigia simu. Tumekubaliana Jumamosi tupite nyumba kwa nyumba katika jumuiya mbili za bondeni, yeye akiwa na lile daftari, mimi nikiwa na kalamu, na fungu la misheni litarudi mezani kikao kijacho.