Kwa nini kidonda cha saratani ya ngozi hufunikwa kabla ya kupigwa mionzi?

Mama mdogo ana ualbino, na kansa ilimshika pale inapowashika wengi wenye ngozi kama yake: sikioni, panapochomwa na jua mchana kutwa. Siku ya kwanza ya mionzi, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda kule Mulago, mtaalamu alilowesha shashi, akaijaza taratibu kwenye mikunjo ya sikio, kisha akalaza juu yake kipande laini kama jeli, unene wa kidole. Mama mdogo akanigeukia: "Mwanangu, mbona wanalifunika? Mionzi itapita wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu utotoni ameambiwa ajifunike ili miale isimfikie: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Leo anafunikwa ili mionzi imfikie sawasawa.

Mionzi ya tiba ina nguvu nyingi, na haiimwagi yote pale inapogusa mwili. Inaziamsha elektroni zilizomo mwilini na kuzisukuma mbele, nazo ndizo zinazokata vinasaba vya seli za saratani. Elektroni hizo huongezeka kadiri mionzi inavyozama, hadi kipimo cha mionzi, yaani dozi, kifike kilele. Kwa mashine ya kobalti, inayotumia madini yanayotoa mionzi, kilele kiko kama milimita 5 chini ya ngozi. Kwa mashine za umeme zenye nguvu ya megavolti 6 ni kama milimita 15. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi anafaidika, kwa sababu ngozi yake inasalimika. Kwa saratani iliyokaa juu juu ni hasara tupu: adui anarukwa, anapigwa jirani.

Ndipo jeli inapoingia. Kwa mionzi, jeli, maji na nyama ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo safari inaanzia juu ya jeli na kilele kinaangukia kidondani. Hewa ikibaki katikati, kipimo kinapungua. Ndiyo maana shashi ile ilichukua muda mrefu kuliko mionzi yenyewe, ambayo ilikuwa dakika chache bila maumivu yoyote.

Si kila kansa ya ngozi hutibiwa hivi. Mara nyingi upasuaji hutangulia, na mionzi huchaguliwa pale kisu kingeharibu kope, pua au sikio, au kumalizia mabaki. Kansa ya Kaposi, inayotoa mabaka na vinundu vyeusi ngozini na iliyojulikana Uganda hata kabla ya Ukimwi, husikia mionzi vizuri. Melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi, ambayo kwetu sisi weusi hupenda kuota unyayoni, ni sugu zaidi.

Mama mdogo alikwenda Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, kidogo kidogo, ili seli zenye afya zipate nafasi ya kujirekebisha. Wiki ya tatu sikio likawa jekundu, likaanza kubabuka. Akauliza kama jeli sasa iondolewe. Mtaalamu akamwonyesha mpaka wa wekundu ule: ulifuata ukingo wa jeli, na kidonda kilikuwa ndani yake.