Kutambuana kwa vibali vya bastola Marekani: kwa nini kibali cha Pennsylvania hakivuki Mto Delaware

Miji ya Philadelphia na Camden inatazamana, katikati ukipita Mto Delaware. Kwa gari ni dakika chache tu kuvuka daraja. Upande wa Philadelphia ni jimbo la Pennsylvania, ambako mtu hupata kibali cha kubeba bastola chini ya nguo bila sheria kumdai hata saa moja ya mafunzo. Upande wa Camden ni New Jersey, na huko kibali hicho hakina thamani yoyote. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alisimamishwa barabarani New Jersey, akamwambia askari kwa hiari yake kwamba ana bastola na kibali chake. Akakamatwa. Kosa alilofunguliwa lilikuwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu, na hatimaye ni gavana Chris Christie aliyemwondolea mzigo huo kwa msamaha mwaka 2015.

Hilo ndilo tatizo ambalo dhana ya kutambuana kwa vibali inalihusu. Marekani haina kibali kimoja cha taifa cha raia kubeba silaha kwa kificho. Kila jimbo lina sheria yake, na kila jimbo huamua kama litakiheshimu kibali kilichotolewa kwingine. Mengine yamefunga makubaliano ya pande mbili: wewe utambue cha kwangu, nami nitambue cha kwako. Mengine hutambua vibali vya majimbo mengi bila kudai lolote. Na yapo yasiyotambua cha mtu: California, New York, New Jersey, Massachusetts na Hawaii ni miongoni mwao.

Juu ya hayo, majimbo zaidi ya 25 sasa yanamruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria kubeba bastola bila kibali kabisa. Vermont haijawahi kudai kibali, wala haitoi. Kwa hiyo mkazi wa Vermont anayetaka kusafiri na bastola yake huomba kibali cha wasio wakazi kutoka jimbo jingine, na cha Utah hupendwa kwa sababu kinakubalika katika majimbo mengi. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Colorado na Michigan hutambua kibali cha jimbo jingine ikiwa tu mwenye nacho ni mkazi wa jimbo lililokitoa. Mtu wa Vermont mwenye kibali cha Utah hahesabiki hapo. Orodha nazo hubadilika: Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia alitangaza kuacha kuvitambua vibali vya majimbo 25, na miezi michache baadaye, Julai 2016, sheria mpya ikarudisha utambuzi huo. Orodha uliyoichapisha mwaka jana usiitegemee. Tazama tovuti ya polisi au ya mwanasheria mkuu wa jimbo unalokwenda, kabla ya kuondoka.

Hata kibali kikitambuliwa, kinachovuka mpaka ni ruhusa ya kubeba tu. Sheria za nyumbani zinabaki nyumbani. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho moja. Michigan inakutaka umwambie askari mara tu anapokusimamisha kwamba umebeba silaha, bila kusubiri akuulize. Majimbo hutofautiana pia kuhusu baa, makanisa, hospitali na idadi ya risasi zinazoruhusiwa katika magazini moja.

Liko pia shimo ambalo hata wazoefu hulisahau. Sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya nchi nzima, inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, yaani takriban mita 300, na barabara nyingi za mjini hupita humo. Mwenye kibali amesamehewa, lakini kibali hicho lazima kiwe kimetolewa na jimbo lenyewe ilipo shule. Cha jirani, hata kama jimbo linakitambua, hakitajwi katika msamaha huo.

Kwa anayepita tu kwenye jimbo lisilomtambua, kuna kinga ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1986. Masharti yake ni makali. Uwe na haki ya kuwa na silaha hiyo unakotoka na unakokwenda. Iwe haina risasi. Bastola na risasi zote zisiwe karibu na mkono wa yeyote aliye ndani ya gari: weka kwenye buti, na kama gari halina buti lililotengwa, basi ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Kidroo cha dashibodi hakikubaliki hata kikiwa na kufuli. Kinga hii ni ya safari, na safari ikikatika nayo hulegea. Mwaka 2005 abiria aliyetoka Utah kwenda Pennsylvania alikosa ndege ya kuunganisha Newark, jimboni New Jersey, akapewa sanduku lake lenye bastola, akalala nalo hotelini. Kesho yake alipoitangaza bastola uwanjani, alikamatwa. Alipoishtaki mamlaka inayoendesha uwanja huo, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule silaha ilikuwa mkononi mwake, hivyo kinga haikumfunika.

Wanaotaka sheria moja ya taifa hutumia mfano wa leseni ya udereva: ikiwa leseni ya Texas inakufikisha New York, kwa nini kibali kisikufikishe? Mfano huo una mvuto, ila unapwaya. Leseni za udereva hupatikana kwa mitihani inayofanana karibu kila jimbo. Vibali havifanani: Pennsylvania haidai mafunzo, Illinois inadai saa 16, New York saa 16 za darasani na mbili za kupiga shabaha. Wapinzani wanasema sheria moja itayashusha majimbo yote hadi kiwango cha lililo legevu kuliko yote, na itayapoka mamlaka yao. Hoja nzito zaidi ya watetezi ni ya katiba. Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ilisema kubeba bastola hadharani kwa kujilinda ni haki ya katiba, ikaifuta kanuni ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu ya pekee. Haki ya katiba, wanasema, haiishii darajani. Lakini mahakama haikuyakataza majimbo kudai vibali, wala haikuyaamuru kutambua vya wenzao.

Bungeni, polisi walio kazini na wastaafu walipata ruhusa yao ya nchi nzima mwaka 2004. Raia bado. Desemba 2017 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kutambuana kwa kura 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti, ambako kura 60 huhitajika kufunga mjadala kabla muswada haujapigiwa kura. Januari 2025 mbunge Richard Hudson wa North Carolina aliuwasilisha tena, kwa namba ileile ya H.R. 38. Unawahusu pia watu wa majimbo yasiyodai kibali, ambao wangetosheka na kitambulisho chenye picha. Hicho ndicho kipengele kinachowatia hofu zaidi wakuu wa polisi, kwa kuwa askari barabarani hana orodha ya kuhakikisha lolote.

Waswahili wanaoishi huko, hasa madereva wa malori wanaokata majimbo matano kwa wiki, wana hatari ya ziada. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki kabisa. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kuondolewa nchini, hata kama kosa lenyewe lilikuwa kuvuka daraja na kibali kisichotambuliwa. Na msamaha wa gavana, ambao kwa makosa mengine kadhaa humwokoa mgeni asifukuzwe, sheria ya uhamiaji haiutaji kwa kosa la silaha.