Je, wajua kwa nini mfereji ukikauka Pemba lalamiko huanzia kwa sheha?

Mkaazi wa Micheweni, Pemba, ambaye mfereji wake, yaani bomba la maji la nyumbani, haujatoa maji kwa siku kadhaa anajua fika kwamba sheha hana fundi, hana mabomba wala hana fedha za kuchimba kisima. Hata hivyo, mlango wa kwanza anaoupigia hodi ni wa sheha. Mgeni kutoka Bara hulistaajabia jambo hili, kwa kuwa kwao kijiji kina mwenyekiti aliyepigiwa kura, halmashauri ya wajumbe wasiozidi 25, na mkutano mkuu wa watu wazima wote ambao hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya mwaka 1982 iliyoweka utaratibu huo haivuki bahari, kwani serikali za mitaa si jambo la Muungano. Visiwani ngazi ya chini kabisa ni shehia, na sheha anayeiongoza hachaguliwi na wakaazi: huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014.

Cheo chenyewe ni kikongwe kuliko sheria hizo zote. Zama za Mwinyi Mkuu, cheo cha watawala wa jadi wa Unguja ambao wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, vijiji vya Unguja vilikuwa na masheha, lakini mambo ya ndani ya kijiji, kama vile nani alime wapi na mgeni apewe kiwanja gani, yaliamuliwa na wazee walioitwa watu wanne, na sheha akawa kiungo kati ya kijiji na utawala. Waingereza, ambao himaya yao ilianza mwaka 1890, walikuja kumweka sheha chini ya mudiri, ofisa wa serikali aliyesimamia eneo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi nyingi za mtaani zilishikwa na matawi ya chama, hadi mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 na serikali ikahitaji mtu wake mwenyewe mtaani. Sheria ya 1998 ikampa sheha nafasi rasmi. Watu wanne hawakurudi. Iliyopo ni kamati ya kumshauri sheha, ambayo wajumbe wake nao hawapigiwi kura.

Nguvu ya sheha basi iko wapi? Iko katika daftari na kalamu. Yeye ndiye anayejua nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama, na ndiyo maana barua yake huombwa mtu anapotafuta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au huduma nyingine nyingi za ofisini. Ofisi inayopokea lalamiko hutaka kwanza kujua kama mlalamikaji ni mkaazi kweli na kama shida yake ni ya nyumba moja au ya mtaa mzima, na mtu wa karibu wa kuulizwa hayo ni sheha. Neno lake pia hufika moja kwa moja kwa Mkuu wa Wilaya, njia ambayo mkaazi wa kawaida hana.

Tulirudie lile suala la maji, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwenye dhamana ya maji ni Mamlaka ya Maji Zanzibar, yaani ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006. Maji mengi ya visiwani hutoka chini ya ardhi na hupandishwa kwa pampu za umeme, na umeme wa Pemba tangu 2010 huletwa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo mfereji mkavu unaweza kuwa lalamiko la maji, na unaweza vilevile kuwa lalamiko la umeme lililojificha. Anayekwenda kwa sheha na kusema “hatuna maji” tu amemsaidia kidogo sana. Anayesema maji yalikatika lini, ni nyumba zipi zinazokosa, na kama wa bondeni wanapata ilhali wa mlimani hawapati, amempa fundi nusu ya jibu, kwa sababu hali hiyo ya mwisho mara nyingi huashiria msukumo mdogo wa maji, si kuharibika kwa kisima.

Taka na masoko ni kazi ya Baraza la Mji kwa Wete, Chake Chake na Mkoani, na ya Halmashauri ya Wilaya kwa Micheweni. Huko yuko diwani wa wadi, ambaye wakaazi humchagua kila baada ya miaka mitano na ambaye, kwa maoni yangu, husahaulika kupita kiasi. Sheha hapangi bajeti. Diwani hukaa kwenye kikao kinachoipanga. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo ombi la jaa jipya likifika mwezi huo limeshachelewa.

Ipo pia sababu nyingine ya kutomwachia sheha peke yake. Yeye ni mtekelezaji wa maagizo ya serikali mtaani, na lalamiko linaloigusa serikali humtaka awapelekee habari mbaya wale wale waliomteua. Masheha wengi hufanya hivyo bila kinyongo, lakini lalamiko la maandishi, lenye saini za majirani na nakala kwa diwani, humrahisishia kazi na ni vigumu kupotea.

Mizozo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ni ya Mahakama ya Kadhi, na ya mipaka ya viwanja ni ya Mahakama ya Ardhi. Huko sheha anaweza kusuluhisha kabla, lakini hatoi hukumu. Mbuzi walioingia kondeni ni habari nyingine: kesi hiyo kwa kawaida huishia barazani kwake, mwenye mbuzi akalipa muhogo ulioliwa.