Picha Inayomtambulisha Kereng'ende Mwembamba

Picha nyingi za kereng'ende wembamba tunazoletewa ili tuwatambue zinapendeza macho lakini hazitoshi kutaja spishi, kwa kuwa mpiga picha alivutiwa na rangi akaziacha sehemu za mwili zinazomtofautisha huyu na yule. Duniani kuna spishi zipatazo 3,000, na madume wa buluu na nyeusi wamejaa katika jenasi kadhaa, yaani makundi ya spishi zilizo karibu kinasaba. Barani Ulaya, kwa mfano, Coenagrion puella na Enallagma cyathigerum ukiwatazama kwa mbali utasema ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti iko juu ya pingili ya pili ya fumbatio (sehemu ndefu ya nyuma ya mwili), ambapo wa kwanza ana alama nyeusi mfano wa herufi U na wa pili ana alama inayofanana na uyoga.

Usimchanganye na kereng'ende mnene. Macho ya mwembamba yametengana, kila moja upande wake wa kichwa, na akitua huyakunja mabawa yake juu ya mgongo, ingawa wa familia ya Lestidae huyaacha nusu wazi.

Mwendee asubuhi mapema, umande ungali majanini, maana misuli yake ya kurukia huhitaji joto kabla ya kufanya kazi. Jongea polepole ukiwa umeinama, na kivuli chako kisimwangukie. Akishakuona, mara nyingi huzunguka bua na kujibanza nyuma yake, macho mawili yakichomoza kulia na kushoto, tulia, usimfukuze. Iweke kamera sambamba na urefu wa mwili wake, kwa sababu ukimkaribia hivyo eneo linaloonekana wazi huwa jembamba mno, hata kwa tundu la lenzi lililobanwa, kama f/8 au f/11.

Mpige kutoka ubavuni, kisha kutoka juu ili mistari ya kifua na alama za pingili zote 10 zionekane. Halafu isogelee ncha ya fumbatio. Hapo dume ana vikoleo vinne, viwili juu na viwili chini, ambavyo humshikia jike nyuma ya kichwa wakati wa kujamiiana, na umbo lake ni miongoni mwa vitambulisho vya kuaminika kuliko vyote. Ningelazimika kubaki na picha moja tu ya dume, ningebaki na hiyo.

Jike ni mgumu zaidi. Katika jenasi ya Ischnura, majike wa spishi moja huwa na rangi mbalimbali, na baadhi yao hufanana na madume. Tena kereng'ende aliyetoka kujivua gamba la ubuu huwa amepauka, mabawa yakimetameta, hata rangi zake halisi zisijulikane. Picha ya jike akiwa ameshikwa na dume husaidia sana. Pamoja na picha andika tarehe, mahali, na kama maji yalikuwa yametuama au yakitiririka. Alama zisipotosha, ishia kwenye jenasi: rekodi hiyo ni sahihi, na mtafiti ataitumia bila wasiwasi.