Jipu la titi baada ya kujifungua: kisu kisubiri, maziwa yasisubiri

Mama anayenyonyesha akishikwa na homa na baridi, titi likavimba upande mmoja, likawa jekundu na la moto, mara nyingi huambiwa amwachishe mtoto ziwa. Ushauri huo unaumiza. Maziwa yakikwama, uvimbe huzidi, na bakteria, hasa Staphylococcus aureus, waliopita kwenye chuchu iliyochanika huweza kutunga usaha.

Nchini India, Shalya Tantra, tawi la upasuaji la Ayurveda (tiba ya jadi ya India), lina maelekezo ya kale kuhusu jambo hili. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha tiba hiyo, katika sura ya 17 ya sehemu ya tiba, inaagiza maziwa yakamuliwe jipu likiwa changa, linapoiva na hata likishaiva. Inakataza kulifunga titi kwa dawa za kukanda, kwa kuwa nyama yake ni laini, huoza na kupasuka upesi. Kisu ni cha jipu lililoiva, na kikwepe mirija ya maziwa na weusi wa chuchu.

Katazo hilo la kukanda napenda akina mama walisikie vizuri, maana wengi huchomwa ngozi kwa taulo la moto.

Kujua kama limeiva, daktari huweka vidole pande mbili za uvimbe; akibonyeza huku, usaha husukuma kidole cha kule. Jipu la ndani sana huweza kumpita, ndiyo maana leo tunataka ultrasaundi. Likiwa dogo na ngozi ni nzima, usaha huvutwa kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja. Likiwa kubwa au ngozi imeanza kufa, hupasuliwa chini ya ganzi au usingizi. Kidonda huachwa wazi kikauke kutoka ndani. Matabibu wa Ayurveda hukiosha kwa maji yaliyochemshwa na mwarobaini au triphala, mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa. Mimi siyakubali maji hayo yachukue nafasi ya antibayotiki.

Tangu Novemba 2020, kanuni za India zinataja upasuaji wa aina 39 kwa waliobobea katika Shalya, na Chama cha Madaktari cha India kilipinga vikali. Mgonjwa ana haki ya kuuliza anayempasua amesomea nini.

Mtoto aendelee kunyonya, hata titi lenye jipu, ilimradi mdomo wake haugusi kidonda. Vinginevyo maziwa yakamuliwe kwa kiasi anachohitaji. Uvimbe ukibaki baada ya matibabu, titi lipimwe saratani.